Askari Waliorudi Shuleni, na Wale Waliowangojea Mlangoni

Tarehe 28 Julai 1932, mjini Washington, askari wa Marekani walitumwa kuwafukuza askari wenzao wa zamani. Wale waliofukuzwa walikuwa wamepigana katika vita kuu ya kwanza ya dunia. Mwaka 1924 Bunge lao lilikuwa limewaahidi zawadi ya fedha, lakini fedha zile zilikuwa za kulipwa mwaka 1945. Kisha ikaja shida kubwa ya kazi iliyoanza mwaka 1929, nao wakaona hawawezi kungoja miaka yote ile na watoto wana njaa. Wakaja kwa maelfu, wengine pamoja na wake zao, wakajenga vibanda vya mbao na mabati karibu na mto Anacostia, wakaomba walipwe mapema. Wakakataliwa. Jenerali Douglas MacArthur akawajia na farasi, na vifaru, na moshi wa kutoa machozi, na vibanda vikaungua.

Ndugu wasomaji, nimeanza na habari hii kwa sababu bila hiyo hatuwezi kuielewa sheria ninayotaka kuwasimulia. Wakubwa wa Marekani hawakuusahau moshi ule. Vita ya pili ilipoelekea mwisho, walihesabu watu wao: milioni 16 hivi walipita jeshini. Siku amani itakapofika, viwanda vya bunduki na mizinga vitafungwa. Wanaume hawa wote watapata kazi wapi? Je, watakuja tena kulala katika vibanda mbele ya macho ya Bunge?

Chama cha askari wa zamani, kinachoitwa American Legion, kilikuwa na mwanasheria mmoja wa Kansas, jina lake Harry Colmery. Yeye ndiye aliyeandika mpango wa kwanza wa sheria kwa mkono wake, akiwa katika chumba cha hoteli mjini Washington. Rais Franklin Roosevelt akaitia sahihi tarehe 22 Juni 1944, siku kumi na sita tu baada ya majeshi kushuka pwani ya Normandie. Watu waliiita GI Bill, maana GI ndilo jina la mzaha la askari wa kawaida.

Sheria ile ilimpa askari aliyetumika siku 90 au zaidi, tena akatoka jeshini bila aibu, haki ya kusoma mpaka miaka minne, kadiri ya muda aliotumika. Serikali italipa shule mpaka dola 500 kwa mwaka, na siku zile fedha hizo zilitosha hata kwa Harvard. Tena askari mwenyewe atapata dola 50 kila mwezi za kula na kulala, au 75 akiwa na watu wa kutunza. Mikopo ya nyumba na msaada kwa wasio na kazi vilikuwamo pia, lakini hayo tuyaache, maana neno letu ni shule.

Wakubwa wa elimu hawakufurahi wote. Robert Hutchins, mkuu wa Universite ya Chicago, aliandika Desemba 1944 kwamba universite zitageuka kambi za wazururaji. Alisema zitashindwa kumkataa mtu asiyefaa, zitashindwa kumfukuza asiyesoma, kwa sababu kila kichwa cha askari kitakuja na fedha yake. James Conant wa Harvard naye aliogopa. Tuyaweke maneno haya moyoni, maana Hutchins alikosea kabisa katika neno moja na kusema kweli kabisa katika neno la pili.

Alikosea juu ya askari. Walikuja kwa wingi ambao hakuna aliyeutazamia. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vya juu walikuwa askari wa zamani. Walilala katika mabanda ya jeshi ya mabati yaliyosafirishwa mpaka viwanja vya universite, wengine katika nyumba za magurudumu pamoja na wake na watoto wachanga. Nepi zilianikwa karibu na maktaba. Hawakuwa na nafasi ya michezo ya vijana. Walitaka kumaliza upesi na kwenda kazini. Waliwashinda wanafunzi wadogo katika mitihani, na Conant mwenyewe akawasifu. Mpaka siku zile watu wengi walifikiri kwamba masomo ya juu ni ya kijana wa miaka 18 mwenye baba tajiri. Mtu wa miaka 27, mwenye mke, aliyeacha shule ili aende kiwandani, alihesabiwa kuwa amechelewa. Askari hawa waliyabomoa mawazo yale, na sifa hiyo ni yao.

Lakini tuangalie hesabu vizuri. Mpango ule ulipofungwa Julai 1956, watu 7,800,000 walikuwa wameutumia, nao uliigharimu serikali dola bilioni 14 na nusu. Katika watu hao, 2,200,000 tu waliingia vyuo vya juu. Kama 1,400,000 walijifunza kazini, na 700,000 hivi walijifunza kilimo. Waliobaki, karibu milioni tatu na nusu, walikwenda katika shule nyingine: shule za ufundi, za kutengeneza redio, za ushonaji, za kunyoa, za kurusha ndege, na kadhalika. Vitabu vingi vya sifa husimulia wale milioni mbili. Wale milioni tatu na nusu husimuliwa kwa maneno machache. Na huko ndiko Hutchins aliposema kweli.

Mambo yalikwenda hivi. Serikali ililipa shule moja kwa moja. Askari hakuiona bili, wala haikumwuma. Yeye alipata dola zake za mwezi mradi jina lake limeandikwa katika daftari. Mwenye shule alipata mpaka dola 500 kwa kila jina. Kama shule ilikuwa mpya na haina bei inayojulikana, bei ilipangwa kwa kuangalia gharama zake. Basi mwenye shule aliyezidisha gharama katika karatasi zake alilipwa zaidi. Na majimbo, ambayo ndiyo yaliyopewa kazi ya kukubali shule, mengi yalikuwa na wakaguzi wachache mno, na mengine yalitia muhuri bila kwenda kuangalia. Mwenye shule amefurahi, mwanafunzi amefurahi kwa siku chache, mkaguzi hakuja. Nani atauliza kama mtu amejua kazi?

Katika miaka mitano ya kwanza shule mpya za kutafuta faida zilizaliwa kwa maelfu. Palikuwa na shule za dansi. Palikuwa na masomo ya kurusha ndege kwa watu ambao hawakuwa na nia hata kidogo ya kuwa rubani. Palikuwa na shule zilizofundisha ufundi uliojaa watu mpaka hapana nafasi, na shule zilizoandika kwamba mtu yupo darasani siku ambayo hakuwapo. Mwaka 1948 Bunge lilikataza masomo ya kujifurahisha tu. Mwaka 1949 likaongeza kwamba shule changa isiyotimiza mwaka isilipwe. Lakini wafanyabiashara ni wepesi kuliko Bunge.

Hapa ninasimama kidogo, maana jambo hili linanihusu mimi mwalimu wa watu wazima. Mtoto akirudi nyumbani na daftari tupu, baba atamwuliza, mama atakwenda kumwona mwalimu. Mtu mzima hana wa kumwulizia. Ametia sahihi mwenyewe. Ninafundisha wakatekumeni, na kila juma ninaona jambo lile lile: mtoto asiyeelewa husema hakuelewa, mtu mzima asiyeelewa hunyamaza na kuinamisha kichwa kama aliyeelewa, kwa sababu ana heshima yake ya kulinda. Vivyo hivyo mtu mzima aliyedanganywa na shule. Ataona aibu mbele ya mke wake na jirani zake, ataacha kimya kimya, na mwenye shule atasema kwamba mtu huyu hakuwa na bidii. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba mtu mzima ajitunze mwenyewe katika jambo hili. Saa alizozitoa ni saa za usiku, baada ya kazi, na hazirudi.

Tena palikuwa na askari ambao mlango wao ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Lakini ilitekelezwa kwa mikono ya majimbo na ya ofisi za mahali, na huko kusini mwa Marekani universite za Wazungu ziliwafungia Weusi mlango. John Rankin wa Mississippi, aliyekuwa mkuu wa tume ya Bunge iliyosimamia habari za askari, alihakikisha kwamba mambo yatabaki katika mikono hiyo. Vyuo vya Weusi vilikuwa vidogo na vichache, vikajaa mara, vikawarudisha watu nyumbani kwa maelfu. Aliyekataliwa huko alikwenda wapi? Mara nyingi alikwenda katika shule ya ufundi, njema au mbaya, iliyokuwa tayari kumpokea pamoja na fedha yake.

Mwishoni Bunge liliunda tume ya kuchunguza, na mkuu wake akawa Olin Teague, mbunge wa Texas. Huyu hakuwa adui wa askari. Yeye mwenyewe alipigana Ulaya na kujeruhiwa vibaya mguuni. Tume yake ilifanya kazi tangu 1950 mpaka 1952. Walizunguka, wakasikiliza mashahidi, wakafungua madaftari, na waliyoyakuta yalikuwa mabaya: bei za vifaa zilizozidishwa, wanafunzi wa karatasi tu, watumishi wa serikali waliopewa zawadi na wenye shule.

Wakati huo vita ya Korea ilikuwa imekwisha kuanza, na askari wengine walitazamia kurudi. Basi tarehe 16 Julai 1952 Rais Harry Truman alitia sahihi sheria mpya. Ilibadilisha mambo mawili makubwa. La kwanza, serikali haikulipa tena shule. Ilimpa askari mwenyewe dola 110 kwa mwezi, au zaidi akiwa na familia, naye alipe shule kwa mkono wake. Mtu anayetoa noti mfukoni mwake huuliza maswali. Nikiri hata hivyo kwamba jambo hili lilikuwa na ubaya wake: universite za bei kali zilianza kuwa mbali na askari maskini, tofauti na 1944.

La pili ndilo ninalotaka msomaji alishike, maana hadithi yote inayobaki inalizunguka. Sheria ilisema kwamba katika masomo yasiyo ya chuo cha juu, askari wanaolipiwa na serikali wasizidi 85 katika wanafunzi 100. Wale 15 wawe watu wengine, wanaolipa wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu Bunge haliwezi kukaa katika kila darasa la kutengeneza redio na kusikiliza kama mwalimu anajua kazi yake. Lakini kama katika mji mzima hapana hata watu 15 wanaokubali kutoa fedha yao wenyewe kwa masomo yale, hiyo ni alama. Kama sokoni mama mmoja anauza unga na hakuna anayeununua ila yule aliyepewa karatasi ya msaada isiyokubaliwa kwa mwuzaji mwingine, wewe utasema nini juu ya unga ule?

Dawa hii ilifanya kazi. Shule nyingi za mtego zilifungwa zenyewe, bila polisi. Tena sheria ilitaka shule iwe imefanya kazi miaka miwili kabla ya kupokea askari, na serikali ikaanza kutegemea vyama vinavyochunguza na kuthibitisha shule. Juu ya vyama hivyo tutasema baadaye.

Miaka ikapita. Tarehe 8 Novemba 1965 Rais Lyndon Johnson alikwenda San Marcos katika Texas, katika chuo alichosoma akiwa kijana maskini, akatia sahihi sheria kubwa ya masomo ya juu kwa watu wote, si askari tu. Mwaka 1972 sheria hiyo ilipanuliwa: ukaanzishwa msaada kwa wanafunzi maskini, ambao mwaka 1980 ulipewa jina la Seneta Claiborne Pell, na shule za kutafuta faida zikaruhusiwa kupokea wanafunzi wenye msaada na mikopo ya serikali. Waliofanya hivyo walikuwa na nia njema. Walimfikiria mfanyakazi, mama aliyeachwa na watoto, mtu wa miaka 35 anayetaka ufundi. Lakini kanuni ya Teague haikuingizwa katika sheria hii. Ilibaki katika sheria za askari peke yake.

Matokeo mnaweza kuyakisia. Kufika mwaka 1990, katika kila watu 100 walioanza kulipa mikopo ya masomo, zaidi ya 22 walikuwa wameshindwa, na katika shule za kutafuta faida hesabu ilikuwa mbaya zaidi sana. Seneta Sam Nunn aliwaita wenye mambo wajieleze mbele ya tume yake. Basi mwaka 1992 Bunge likaichukua dawa ile ya 1952, lakini likaipima kwa namna nyingine. Halikuhesabu vichwa, lilihesabu fedha: katika kila dola 100 zinazoingia shule ya kutafuta faida, misaada na mikopo ya masomo ya serikali isizidi 85. Likakataza pia kuwalipa waandikishaji wa wanafunzi kwa kila kichwa wanacholeta. Na likasema kwamba shule isiyofundisha watu uso kwa uso katika nusu ya masomo yake isipokee fedha hizo. Ilikuwa sheria yenye meno.

Kisha meno yakang'olewa, moja baada ya lingine. Mwaka 1998 dola 85 zikawa 90. Mwaka 2002 wizara ilitoa maelezo mapya yaliyowafungulia waandikishaji njia nyingi za kulipwa kwa kadiri ya watu waliowaleta. Mwaka 2006 sharti la nusu likaondolewa kwa shule zinazofundisha kwa kompyuta.

Hapa nataka kuwa mwenye haki. Kufundisha watu wazima jioni au kwa kompyuta si wizi. John Sperling alikuwa mwalimu katika universite ya San José, California. Miaka ya 1970 aliwafundisha waalimu na polisi waliokuwa kazini, akaona jinsi walivyo na njaa ya masomo na jinsi universite zinavyowadharau, na ratiba zao za asubuhi. Universite yake haikutaka mpango wake. Basi akaenda Arizona, na mwaka 1976 akaanzisha Universite ya Phoenix. Mwanzoni alipokea watu wenye miaka 23 au zaidi, walio na kazi. Alikuwa ameona hitaji la kweli, ambalo universite za heshima zilikuwa zimelifumbia macho. Lakini mwaka 1994 kampuni yake iliingia soko la hisa, na wenye hisa hawaulizi ni watu wangapi wamemaliza masomo. Huuliza ni wangapi wameandikwa mwezi huu. Kufika 2010 shule hii moja ilikuwa na wanafunzi karibu 470,000. Mwaka 2019 ilikubali kutoa dola milioni 191, fedha taslimu na madeni yaliyofutwa pamoja, ili kumaliza mashtaka ya serikali kwamba matangazo yake yaliwafanya watu waamini kuwa makampuni makubwa yana mapatano nayo ya kazi. Yenyewe haikukiri kosa.

Sasa turudi kwa askari, maana mambo yao yalikutana na haya. Tarehe 30 Juni 2008, kwa ajili ya waliopigana Irak na Afghanistan, Rais George W. Bush alitia sahihi msaada mpya, mkubwa kuliko yote iliyotangulia tangu 1944. Malipo ya masomo yakaenda tena moja kwa moja kwa shule, kama zamani. Na katika kanuni ile ya 90 kwa 10 palikuwa na tundu. Sheria ilihesabu fedha za wizara ya elimu tu. Fedha za askari zilitoka ofisi nyingine, kwa hiyo hazikuhesabiwa kuwa za serikali. Zilihesabiwa upande wa zile 10, kana kwamba mtu ametoa mfukoni mwake.

Fikirini maana yake. Shule iliyokosa watu wa kulipa kwa hiari, badala ya kutengeneza masomo yake, ilihitaji tu kumpata askari. Dola moja ya askari ilifungua njia ya dola tisa za mikopo ya watu wengine. Holly Petraeus, mke wa jenerali, aliyewekwa na serikali kuwalinda askari katika mambo ya fedha, aliliandika jambo hili waziwazi katika gazeti la New York Times mwaka 2011. Alisema kwamba kwa shule hizo askari amekuwa ni alama ya dola iliyovaa magwanda. Na kanuni ya Teague ya vichwa 85, ambayo bado ilikuwamo katika sheria za askari? Ile nayo ilimhesabu mwanafunzi mwenye mkopo wa wizara kuwa mtu asiyelipiwa! Kila ofisi iliitazama fedha ya ofisi ya pili ikaiona kuwa ya raia.

Seneta Tom Harkin alitoa taarifa Julai 2012 baada ya kuchunguza makampuni 30 ya shule hizi. Hesabu za mwaka 2009 zilionyesha kwamba yalitumia dola bilioni 4.2 kwa matangazo na kutafuta wanafunzi, na bilioni 3.2 kwa kufundisha. Faida yao ilikuwa bilioni 3.6. Yalikuwa na waandikishaji 35,202, na watumishi 3,512 wa kuwasaidia wanafunzi kupata kazi. Mwalimu yeyote asome hesabu hizi tena polepole. Na katika wanafunzi walioingia mwaka 2008 na 2009, zaidi ya nusu walikuwa wameondoka bila diploma kufika katikati ya 2010.

Mtauliza: wale waliopewa kazi ya kuthibitisha shule walikuwa wapi? Desturi ya Marekani tangu 1952 ni kwamba serikali haichunguzi yenyewe ubora wa masomo. Hutegemea vyama vya kuthibitisha, na vyama hivyo hulipwa na shule zenyewe zinazochunguzwa. Chama kimoja, kwa kifupi ACICS, kiliziidhinisha shule nyingi za kampuni ya Corinthian, na shule za ITT vilevile. Corinthian ilifunga milango yake ya mwisho tarehe 27 Aprili 2015, wanafunzi 16,000 hivi wakabaki nje. ITT ikafunga Septemba 2016, zaidi ya matawi 130, makumi ya maelfu ya watu. Wengi walipata habari kwa ujumbe wa kompyuta. Shule nyingine zilikataa kuyahesabu masomo waliyoyasoma, basi mtu aliyekuwa amebakiza miezi michache alianza upya, au aliacha. ACICS ilivuliwa madaraka 2016, ikarudishiwa 2018, ikavuliwa tena 2022.

Kwa wenye madeni ya Corinthian, serikali ilikubali Juni 2022 kufuta yote yaliyobaki: dola bilioni 5.8 za watu 560,000. Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kufilisika, kwa hiyo mzigo uliangukia hazina, yaani mlipa kodi. Wakubwa wake hawakurudisha mabilioni yale. Na neno hili ndilo linalonisumbua katika historia yote: katika miaka sabini, aliyeulizwa kwanza ni mwanafunzi, kwa barua ya deni, shule iliulizwa baada yake, ikiwa bado ipo.

Askari walikuwa na hasara ya pekee. Wao hawakuwa na deni la kufutwa. Walikuwa na miezi ya haki yao ya kusoma, na miezi ile ilikuwa imekwisha kuliwa na shule iliyofungwa. Kabla ya 2017 hakukuwa na njia ya kawaida ya kuirudisha. Tarehe 16 Agosti 2017 sheria mpya ikaruhusu waliofungiwa shule warudishiwe miezi yao. Sheria hiyo ilipewa jina la Harry Colmery, yule mwanasheria wa Kansas aliyeandika katika chumba cha hoteli, ambaye alikuwa amekufa tangu mwaka 1979.

Tundu lenyewe lilizibwa baadaye. Vyama vya askari viliomba mwaka hata mwaka, na makampuni ya shule yalituma watetezi wao Bungeni mwaka hata mwaka. Ilifika Machi 2021, ndani ya sheria kubwa ya msaada wa wakati wa ugonjwa wa korona, ndipo maneno machache yalipobadilishwa: badala ya fedha za wizara ya elimu, zihesabiwe fedha zote za serikali kuu zinazolipia masomo. Kanuni zake zilianza kushika hesabu za shule kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Januari 2023 au baadaye. Teague alikuwa ameuliza swali lake mwaka 1952. Mtu aliyeanza shule na dola 110 za Korea mwaka ule, akiwa na miaka 22, angekuwa na miaka 93.